MSHAHARA WA JIONI NA MSHAHARA WA MWISHO WA MWEZI

Magogoni, katika Kisauni, upande wa bara kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, ni mtaa wa watu wa kazi. Alfajiri, kabla jua halijapanda, njia zake hujaa watu. Wengine hushika njia ya daraja la Nyali kwenda kisiwani, wengine huelekea hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu zilizo kandokando ya bahari, na wengine hufuata viwanda, maghala na mahali panapojengwa nyumba. Jioni hurudi kwa njia zilezile, na mtu awatazamaye hawezi kupambanua ni nani aliyelipwa leo na ni nani atakayelipwa baada ya majuma matatu. Lakini akiwafuata mpaka dukani atajua mara moja. Mmoja atanunua unga na mafuta ya usiku ule kwa fedha iliyo mkononi. Wa pili atamtuma mtoto, naye mtoto atasimama mbele ya meza ya duka na kusema, "Ami, mama asema utupe unga kilo mbili, utuandike." Mwenye duka atafungua daftari, atie kalamu, na kujibu, "Mwambie mamako nimeandika, lakini tarehe moja asinisahau."

Ajabu ni kwamba yule aandikwaye katika daftari, mara nyingi, ndiye mke wa mtu mwenye kazi ya kuketi kitini. Na yule alipaye taslimu ni mke wa mtu aliyeshinda juani akipanga matofali. Si kwamba huyu ana mali kuliko yule. Huenda mapato yao ya mwezi ni sawasawa hata senti. Siku ya kulipwa ndiyo iliyowatenga, na siku hiyo ina nguvu katika nyumba kuliko wengi wanavyodhani.

VYUMBA VIWILI, UA MMOJA

Msomaji ajuaye nyumba za Kiswahili za pande hizo ataweza kuliona jambo hili kwa macho ya fikira. Ukumbi uko katikati, vyumba viko kuume na kushoto, na nyuma kuna ua ambamo wake wa wapangaji wote hupika. Katika ua hapana siri: kila mmoja huona kilichomo katika sufuria ya mwenziwe. Basi mathalan chumba kimoja amekipanga fundi mwashi alipwaye kila jioni, na cha pili amekipanga karani wa ghala alipwaye mwisho wa mwezi. Tarehe 2 ya mwezi ua mzima hunukia pilau ya karani. Tarehe 22 sufuria ya karani ina mchicha, na chai yake haina maziwa. Sufuria ya fundi haina mwezi wala tarehe. Ina leo na kesho. Akipata kazi, kuna samaki. Asipopata, watoto hunywa uji na kulala.

Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, lakini mtu yeyote anaweza kuibadili kwa tarakimu za nyumba yake mwenyewe. Fundi hulipwa shilingi 1,200 kwa siku, naye hupata kazi siku 20 katika mwezi. Jumla shilingi 24,000. Karani hupokea shilingi 24,000 kwa mara moja. Kila mmoja hulipa kodi ya chumba shilingi 6,000, nayo hutakiwa kabla ya tarehe 5. Zabaki shilingi 18,000 za kula na mahitaji mengine, yaani shilingi 600 kwa kila siku ya mwezi wa siku 30.

Sasa mtazame karani. Ametoa kodi siku ileile aliyolipwa, na hilo ni jambo jema. Kodi haimsumbui tena. Lakini ana shilingi 18,000 mfukoni, na mtu mwenye fedha nyingi mfukoni hujiona tajiri. Jamaa kutoka bara wajua tarehe ya mshahara wake kama wajuavyo siku ya Idi, nao hupiga simu. Ikiwa kwa siku 10 za kwanza nyumba yake itatumia shilingi 900 kwa siku, zitakwisha shilingi 9,000, na siku 20 zilizobaki zitakuwa na shilingi 450 tu kwa siku, yaani nusu ya alivyozoea. Hapo ndipo daftari la Ami lifunguliwapo. Na mwezi ujao deni la Ami litatolewa kwanza, na mwezi utaanza ukiwa umekwisha kumegwa.

Fundi shida yake ni nyingine kabisa. Kila jioni ana shilingi 1,200. Ili apate kodi kwa wakati, hana budi kuweka kando shilingi 300 katika kila moja ya siku zake 20 za kazi. Tena kuna siku 10 ambazo hatapata kazi, na watoto hawaachi kula kwa sababu baba yao hakuitwa kazini. Kwa hiyo lazima aweke shilingi 300 nyingine kwa ajili ya siku hizo. Yaani mtu huyu, kusudi tu awe sawa na karani, bila kujenga wala kununua chochote, yampasa aweke nusu ya ujira wake kila jioni, siku zote 20, wala asishindwe hata mara moja. Watu husema vibarua hawajui kuweka akiba. Kwa kweli hapana mtu atakiwaye kuweka akiba kubwa kuliko kibarua, na hapana apatiwaye nafasi ndogo ya kuiweka. Fedha yake iko chini ya godoro, na mtoto akipatwa na homa usiku, hapo ndipo itakapotoka.

Fauka ya hayo, anunuaye kidogo kidogo hununua kwa bei ya juu. Mafuta ya kupimiwa, sukari ya kufungwa katika karatasi, sabuni ya kipande, vyote hivyo vikijumlishwa hupita bei ya chupa nzima na mche mzima. Karani, siku ya kwanza ya mwezi, aweza kwenda soko la Kongowea na kununua gunia la viazi au kapu la nyanya kwa bei ya jumla. Fundi hawezi. Hata hivyo vitu vingine vimebadilika na kumfaa yeye: umeme sasa hununuliwa kwa tokeni za fedha ndogo, na maji ya mkokoteni huuzwa kwa mtungi. Kodi na karo peke yake ndizo zisizokubali kugawanywa.

Asidhani mtu kwamba kumaliza fedha mapema ni tabia ya watu wa Mombasa tu. Huko Marekani, ambako watu maskini hupewa na serikali msaada wa chakula mara moja kwa mwezi, mtaalamu wa uchumi Jesse Shapiro alionyesha mwaka 2005 kwamba chakula waliacho watu hao hupungua kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 15 tangu mwanzo wa mwezi hadi mwisho. Na hao hawana jamaa wa bara wapigao simu.

MAMBO YA BANDARINI

Ubishi juu ya malipo ya siku na malipo ya mwezi ni wa zamani sana Mombasa, na bandari ndiyo iliyokuwa uwanja wake. Neno kibarua lenyewe latokana na barua, yaani kijikaratasi. Katika karne ya 19, Mombasa na Unguja, kibarua alikuwa mtu aliyekodiwa kwa siku, na wengi wao walikuwa watumwa ambao mabwana zao waliwaacha wajitafutie kazi, kisha wakatwaa sehemu ya ujira wao. Utumwa ulifutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini neno likabaki, na mtindo wa kulipwa jioni ukabaki nalo.

Makampuni ya kupakia na kupakua meli yalipenda watu wa siku kwa sababu meli hazina ratiba moja. Leo ziko nyingi, kesho hakuna. Nao wachukuzi wengi walipenda kazi ya siku kwa sababu zao wenyewe. Wengi walikuwa na minazi na mihogo upande wa bara, au nyumba zao zilikuwa vijijini pwani, na mtu aliweza kufanya kazi siku kadhaa, akapata fedha, akarudi kulima. Frederick Cooper, aliyeandika kitabu juu ya wafanyakazi wa bandari ya Mombasa kilichotoka mwaka 1987, ameonyesha jinsi jambo hilo lilivyowakera maofisa wa serikali na wakubwa wa makampuni. Machoni pao kibarua alikuwa mtu asiyetegemewa: afanya kazi akitaka, na asipotaka hana wa kumwuliza. Walitaka awe mtu wa mwezi, mwenye mke na nyumba mjini, na hofu ya kupoteza kazi. Mwaka 1944 vibarua wa bandari waliandikishwa kwa kanuni, nao wakatakiwa kutimiza siku kadhaa za kazi kila mwezi.

Mwezi wa Januari 1947 mji mzima ulisimama. Watu wa siku na watu wa mwezi waligoma pamoja tangu tarehe 13, kiasi cha watu 15,000, wakakutanika katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Walirudi kazini baada ya karibu majuma mawili, Bwana Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alipokuja kusema nao. Chege Kibachia aliyekuwa kiongozi wa chama chao alihamishwa kwa nguvu mwaka huohuo na kupelekwa Kabarnet. Yafaa kukumbuka kwamba katika mgomo ule mchukuzi wa jioni na mtumishi wa mwezi walilia kilio kimoja, yaani vitu ghali na nyumba ghali. Siku ya kulipwa haikuwatenganisha.

Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter ilikiri kwa maandishi jambo ambalo kila mke wa mfanyakazi alilijua tangu zamani, kwamba mshahara wa chini wa wakati ule ulipimwa kwa mahitaji ya mwanamume mseja, nayo ikashauri upandishwe hatua kwa hatua mpaka utoshe jamaa. Mwezi wa Machi 1955 wachukuzi waligoma tena, na Tom Mboya akaja kuwapatanisha na makampuni. Tangu miaka hiyo vibarua wa bandari walipunguzwa, na wengi wakawa watu wa mwezi.

Katika maneno hayo yote, yaliyosemwa na wakubwa kwa muda wa miaka 20, tabia ya mchukuzi ilitajwa mara nyingi, lakini sufuria ya mkewe haikutajwa sana. Kama mshahara wa mwezi haukutosha mke na watoto, kosa gani alilifanya mtu aliyeona afadhali fedha ya jioni, iliyo mkononi, pamoja na mihogo ya shambani? Mpango wake ulikuwa na akili kuliko ulivyoonekana ofisini.

Wala hoja ile haikufa pamoja na ukoloni. Uingereza ilipoanzisha mwaka 2013 msaada wa serikali uitwao Universal Credit, ilikata shauri kwamba ulipwe mara moja kwa mwezi, kusudi mpokeaji azoee kuishi kama mtu wa mshahara. Wengi katika watu wa kipato kidogo walikuwa wamezoea fedha ya juma, na malalamiko hayakukawia. Scotland, tangu Oktoba 2017, iliwapa watu wake ruhusa ya kuchagua kulipwa mara mbili kwa mwezi.

MAZIWA YA KIAMBU

Wakulima huenda wakasema kwamba mambo haya ni ya watu wa mjini. Sivyo. Huko Kiambu kuna wafugaji ambao huuza maziwa kwa chama cha ushirika, nacho huwalipa mwisho wa mwezi. Wako pia wachuuzi ambao hununua maziwa hayohayo kwa fedha taslimu kila siku, tena kwa bei iliyo juu kuliko ya ushirika. Mtu angedhani kwamba ushirika hautapata hata kikombe. Lakini wafugaji wengi huupelekea maziwa yao kila asubuhi, na kumwuzia mchuuzi kidogo tu, kwa matumizi ya siku. Wataalamu wawili, Lorenzo Casaburi na Rocco Macchiavello, waliandika mwaka 2019 juu ya jambo hili. Walipowapa wafugaji nafasi ya kuchagua, walio wengi walichagua kulipwa kwa mwezi, ijapokuwa malipo ya siku yangewapa fedha mapema.

Sababu yao ni nyepesi. Fedha ya maziwa ya siku moja huyeyuka: chumvi, nauli, na zawadi ya mtoto wa jirani. Fedha ya maziwa ya mwezi mzima hununua gunia la chakula cha ng'ombe au hulipa karo. Mfugaji huyu akubali hasara ndogo ili ushirika umtunzie fedha mbali na mkono wake mwenyewe.

Vivyo hivyo katika shamba moja la chai huko Malawi. Wafanyakazi waliulizwa kama wangependa sehemu ya ujira wao izuiliwe na kulipwa kwa mkupuo mmoja mwisho wa msimu, na karibu nusu yao walikubali. Habari hizo zilitolewa mwaka 2021 na Lasse Brune, Eric Chyn na Jason Kerwin. Waliojiunga waliweka akiba zaidi ya wenzao, na baadhi yao walinunua mabati ya kuezekea nyumba. Msomaji aangalie kwamba hawakulazimishwa. Waliulizwa, wakachagua kiasi, na sehemu nyingine ya ujira ikaendelea kuja kama desturi. Hapo ndipo mpango wao upitapo ule wa bandarini wa miaka ya 1940.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yamtambua kibarua kuwa mtu aajiriwaye kwa muda usiozidi saa 24 kwa mara moja, na kulipwa mwisho wa kila siku. Lakini mtu huyo akifanya kazi mfululizo kwa tajiri mmoja, hata siku zake zikafikia mwezi mmoja, sheria yamhesabu kuwa mtu wa mwezi. Hawezi kuachishwa bila taarifa ya siku 28. Katika kuzihesabu siku hizo, kila siku 6 za kazi mfululizo humpa haki ya siku moja ya mapumziko yenye malipo. Fundi wetu, basi, ana sababu ya kuandika katika daftari lake mwenyewe tarehe alizofanya kazi na jina la mwenye kazi, kwa maana bila maandishi ni vigumu kuthibitisha. Ami huandika deni kila jioni. Naye fundi aandike siku zake.

Karani naye ana kinga yake. Sheria hiyohiyo yakataza makato yote ya mshahara yakijumlishwa yasizidi theluthi mbili, yaani theluthi moja lazima imfikie mwenyewe. Iliwekwa kwa ajili ya watu waliokopa hapa na pale mpaka mwisho wa mwezi wakaja kutia sahihi ya kupokea karatasi tupu. Lakini haimkingi na mikopo ya simu. Tangu Januari 2019 mtu aweza kwa Fuliza kulipa zaidi ya alichonacho, na ada huhesabiwa kwa siku. Kisha fedha yoyote iingiapo, deni hukatwa lenyewe. Ami akiombwa kwa upole huweza kungoja juma moja. Simu haina masikio.

YALE YAFANYWAYO NYUMBANI

Mabibi wa Magogoni hawakungoja wataalamu. Chama cha wanawake, ambacho wengine hukiita mchezo, ni ushirika wa Kiambu uliofupishwa: kila mmoja hutoa kiasi kidogo kila siku au kila juma, na zamu ikifika mmoja hupokea kapu lote. Mke wa fundi apokeapo kapu lake siku chache kabla ya tarehe 5, kodi imekwisha. Kwa hiyo zamu si jambo la kupiga kura tu. Wenye akili huzipanga kwa tarehe za mahitaji. Mke wa karani, ambaye hana shida ya kodi, huomba zamu ya katikati ya mwezi, wakati mfuko umelegea.

Kwa karani dawa ni kuufanya mwezi uwe na majuma. Siku ya mshahara, baada ya kodi, fedha ya chakula hugawanywa mafungu manne. Fungu moja hushikwa na bibi, na matatu hutiwa mahali pasipofikiwa upesi. Waume wengi hawapendi jambo hili kwa sababu huonyesha wazi mshahara ni kiasi gani. Hilo ndilo tatizo hasa, na hakuna hesabu iwezayo kuliondoa mpaka mume na mke wakae chini na karatasi moja. Wako waajiri ambao hulipa sehemu ya mshahara katikati ya mwezi. Si hasara kwao, na karani asiyetoroka kazini kwenda kukopa ni faida. Na wako wenye nyumba, si wengi, wapokeao kodi kwa juma. Mwenye nyumba wa namna hiyo amemfaa fundi kuliko mahubiri mengi juu ya akiba.

Karo za shule ya sekondari hazina dawa nyepesi. Huja mara tatu kwa mwaka, wala hazifuati jioni wala mwezi. Ile ya Januari ndiyo kali kupita zote, kwa kuwa waajiri wengi hulipa mshahara wa Desemba kabla ya Krismasi, na mtu wa mwezi hungoja siku 35 au 40 mpaka mshahara mwingine. Watu wa Kenya wameubatiza mwezi huo Njaanuari.

Lakini Januari pwani ni wakati wa kaskazi; mvua hakuna, na ujenzi waendelea kila mahali. Fundi ana kazi karibu kila siku. Katika ua wa nyumba yetu, basi, ni mke wa karani ambaye hunyosha kikombe na kusema, "Shoga, niazime sukari mpaka mwisho wa mwezi," naye mke wa fundi hukijaza bila kuuliza ni mwezi gani. Ajua kwamba masika yaja. Mwezi wa Aprili na wa Mei mvua zitanyesha, saruji haitapangwa, fundi atashinda barazani akitazama maji yakipita njiani, na kikombe kitavuka ua kwa upande wa pili.